Mdhamini wa kazi ni yule aliyeiona kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa miaka kadhaa sasa nimeliona likiwakwamisha watu wengi wa hapa Mbeya na mikoa jirani ya Songwe, Njombe na Iringa, nalo ni la wadhamini ambao mwombaji wa kazi hutakiwa kuwaorodhesha mwishoni mwa maelezo yake binafsi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hudai majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, na kampuni nyingi binafsi huongeza sharti kwamba mmoja wao awe mwajiri wa mwisho. Sharti hilo huonekana dogo mpaka siku mtu anapoachana na mwajiri ambaye hataki tena hata kulisikia jina lake.

Mimi ni mtunza stoo. Kuanzia 2016 hadi 2022 nilifanya kazi katika kampuni moja ya pembejeo za kilimo, ambayo sitaitaja kwa kuwa sikukusudia kumwaibisha mtu. Nilianza kwa kupokea mbolea na mbegu mlangoni, na nilipoondoka nilikuwa nasimamia ghala zima na vijana wanne. Mama yangu alipougua huko Tukuyu na nikaona siwezi kumuuguza huku nikiingia kazini saa moja asubuhi, nilitoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, nikakabidhi ghala kwa kuhesabu mfuko mmoja mmoja mbele ya aliyenipokea, na wote wawili tukasaini. Mkurugenzi aliona nimemsaliti. Nilipomwomba barua ya kuthibitisha kwamba nimemfanyia kazi aliniambia nirudi wiki ijayo, na kila niliporudi wiki ilisogezwa mbele, mpaka mvua za masika zikaisha na baridi ya Juni ikaingia sina karatasi yoyote mkononi.

Mwaka uliofuata niliitwa kwenye usaili Makambako. Maswali niliyajibu vizuri, tukazungumza hadi mshahara, nikarudi Uyole nikiwa na hakika kwamba nimepata. Baada ya siku kumi afisa utumishi wa kule, ambaye namshukuru kwa uungwana wake kwa sababu wengine hawapigi kabisa, alinieleza kilichotokea. Alimpigia mkurugenzi wangu wa zamani, akajitambulisha, akalitaja jina langu, naye akajibiwa, "Huyo tulishaachana naye," kisha simu ikakatwa. Katika maneno hayo matatu hakuna uongo wala tusi. Lakini mtunza stoo ambaye bosi wake anakataa kumzungumzia anamwachia msikilizaji pengo, na pengo hilo kila mtu hulijaza kwa neno moja, nalo ni wizi. Kazi ile niliikosa.

Nilichojifunza baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike. Kwa muda mrefu niliamini, kama wanavyoamini wafanyakazi wengi, kwamba barua ya mwajiri ni hisani, kwamba bosi akipenda anakupa na asipopenda huna la kufanya isipokuwa kurudi wiki ijayo. Si hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 44, inamtaka mwajiri, ajira inapokoma, ampe mfanyakazi cheti cha utumishi. Sheria haikusema ampe kama waliagana kwa amani. Kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, yakiwemo kazi anayoifanya na tarehe aliyoanza, na ayatunze maelezo hayo kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Kwa hiyo mwajiri anayesema "sina kumbukumbu zako" kabla ya miaka hiyo kupita anakiri kwamba hakutimiza wajibu wake mwenyewe.

Anayenyimwa cheti hicho anaweza kwenda kwa Afisa Kazi wa mkoa, ambaye ana mamlaka ya kumtaka mwajiri aitekeleze sheria, au apeleke mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi hapa Mbeya na Iringa pia, kwa kujaza fomu namba 1. Muda ni mfupi. Anayelalamika kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30, na migogoro mingine ina siku 60, na aliyechelewa analazimika kueleza sababu za msingi za kuchelewa kwake kabla hajasikilizwa. Mimi niliyajua haya zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuondoka, na ninakiri kwamba ningeyajua mapema ningemwandikia mkurugenzi barua ya heshima inayotaja kifungu hicho badala ya kukaa kwenye benchi la mapokezi kila Jumatatu.

Hata hivyo, cheti cha utumishi hakimalizi tatizo. Cheti kitaeleza kwamba mtu fulani alikuwapo, kuanzia tarehe hii hadi ile, katika nafasi fulani, lakini hakitaeleza kama alikuwa mwaminifu, kama alihesabu kwa makini, au kama ungeweza kumwachia funguo ukasafiri kwenda Dar es Salaam ukalala usingizi. Hayo yanahitaji mtu wa kuyasema. Na hapa ndipo ninapotofautiana na maafisa utumishi wetu wengi, maana wao wanaamini kwamba mtu wa kuyasema ni bosi peke yake, ilhali bosi, hasa katika kampuni yenye mkurugenzi anayeshinda ofisini au safarini, mara nyingi ndiye aliyeiona kazi yako kidogo kuliko wote.

Baada ya kuikosa kazi ya Makambako nilikaa chini na daftari nikaandika majina ya watu wote waliokuwa wakiiona kazi yangu kwa miaka ile sita. Nilishangaa kuona walivyokuwa wengi. Alikuwapo msimamizi aliyenipokea 2016, aliyekuwa akisaini ripoti zangu za kila mwezi kabla hajahamia kampuni nyingine Njombe. Alikuwapo mkaguzi wa hesabu aliyekuja kila mwaka kuhesabu mali ghalani, na ambaye kwa kazi yake alikuwa na kila sababu ya kuniona mwizi kama ningekuwa mwizi. Walikuwapo madereva wa fuso waliokuwa wakipakia kwangu alfajiri, na wenye maduka ya pembejeo wa Mbarali, Chunya na Rungwe waliopokea mzigo wenye sahihi yangu.

Mmoja wa hao wenye maduka yuko Igurusi. Nilipanda basi asubuhi nikamkuta anapima mbegu za mboga kwa kijiko, nikamweleza shida yangu. Hakunijibu. Aliinama chini ya kaunta, akatoa kaunta buku tatu zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, akaanza kupekua ya katikati mpaka akafika ukurasa wa Machi 2019, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba siku hiyo mtunza stoo wa Mbeya alimpigia simu mwenyewe kumjulisha kwamba mzigo wake ulipungua mifuko 12 ya mbolea kwa kosa la kuhesabu, na kwamba mifuko hiyo ililetwa siku ya pili. Mimi nilikuwa nimekwisha kulisahau jambo hilo. Akaniambia, "Dada, mimi barua ya Kiingereza siiwezi, lakini wakinipigia nitawasomea hapa hapa." Ndiye aliyekuwa mdhamini wangu wa tatu katika maombi ya kazi niliyonayo sasa, katika ghala la mazao Mbalizi, na aliyempigia aliniambia baadaye kwamba walizungumza karibu dakika 10.

Najua wapo watakaosema kwamba mwenye duka la Igurusi si mdhamini wa maana kwa sababu hana cheo, hana mhuri, na hana barua pepe. Nawaomba wajiulize kwanza wanatafuta nini. Kama wanataka kujua iwapo nilihesabu mifuko kwa uaminifu, nani anajua zaidi kuliko aliyeipokea?

Liko jambo jingine ambalo huenda wengi hawalitilii maanani, nalo linatokana na neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu mdhamini ni pia yule anayemtoa mtu mahabusu kwa dhamana, na ni yule anayesaini mkopo wa mwenzake kwenye saccos au kikoba akijua kwamba mwenzake akikimbia atalipa yeye. Tena, kwa kazi za kushika fedha na mali, zipo kampuni zinazotaka hasa mdhamini wa namna hiyo, mwenye nyumba au kiwanja, anayeleta barua ya serikali ya mtaa, picha na nakala ya kitambulisho cha taifa, na kusaini kwamba atawajibika ikiwa mali itapotea. Sasa mtu akimwendea msimamizi wake wa zamani, au mwalimu wake, akamwambia "naomba uwe mdhamini wangu wa kazi," mzee wa watu anaona nyumba yake inauzwa. Dereva mmoja ambaye tulifanya kazi pamoja kwa miaka minne, na ambaye najua ananipenda kama dadake, alinikwepa kwa wiki mbili kwa sababu hiyo tu. Nilipomweleza kwamba hatasaini chochote na kwamba ataulizwa tu anavyonifahamu, alicheka kwa faraja akasema hilo angelifanya tangu siku ya kwanza. Waajiri wangetusaidia sana kama katika matangazo yao wangeeleza wanataka mdhamini wa aina gani, wa kuizungumzia kazi ya mtu au wa kubeba hasara yake.

Kwa vijana wanaoanza, ninalo la kusema kutokana na makosa yangu mwenyewe. Usiandike jina la mtu kabla hujamwomba, na ukishamwomba, mpigie tena kila unapotuma maombi mapya, umwambie ni kazi gani, ni mahali gani, na ikiwezekana umtumie tangazo lenyewe kwenye simu, kwa sababu anayepigiwa ghafla akiwa ndani ya daladala ya Mwanjelwa na kuulizwa habari za mtu waliyeachana miaka mitatu iliyopita hawezi kusema la maana hata akitaka. Hakikisha namba yake bado inatumika. Kama yuko kijijini Mufindi au Makete ambako mtandao wa simu ni wa kupanda kilimani, waeleze wanaokuajiri ni saa ngapi anapatikana. Mkumbushe pia kazi mliyofanya pamoja, kwa kutaja jambo moja au mawili yaliyotokea kweli. Na wewe uliye chuoni, Mkwawa, MUST au VETA, yule aliyekusimamia ulipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo ni mdhamini wako wa kwanza wa kazi. Usimwache aondoke maishani mwako kwa sababu tu amekwisha kugonga mhuri kwenye kitabu chako.

Karatasi pia zina sauti. Taarifa ya michango ya NSSF, ambayo mwanachama yeyote anaweza kuiomba, huonyesha mwajiri na miezi aliyokuchangia, na hakuna bosi anayeweza kuikana. Ukienda kuiomba unaweza pia kugundua kwamba michango yako haikuwa ikipelekwa yote, jambo ambalo ni afadhali ulijue mapema. Mkataba, hati za mshahara, barua ya kupandishwa cheo, hati ya makabidhiano kama ile niliyosaini siku ya mwisho, vyote nakushauri uvitunze nyumbani, visibaki katika droo ya ofisi. Kwa mafundi ujenzi, makanika, wapishi na seremala ambao hawakuwahi kupewa hata mkataba, VETA ina utaratibu wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ambapo mtu hupimwa kwa kazi yake mwenyewe na akifaulu hupewa cheti. Fundi mwenye cheti hicho na picha za nyumba tatu alizojenga Isyesye, pamoja na namba za wenye nyumba hizo, hana haja ya kumbembeleza mkandarasi aliyemdhulumu.

Nimejaribu pia kuwaelewa waajiri wa zamani, kwa kuwa sasa na mimi ninao vijana chini yangu na simu huniita. Wengine hukataa kusema kwa woga kwamba wakisifu, na yule mtu akaiba kwingine, watalaumiwa, na wakikosoa watashtakiwa. Wengine wanadhani sheria inawakataza kutoa habari za mfanyakazi. Ni kweli tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni vizuri tunayo, lakini mfanyakazi mwenyewe anapoandika kwamba anaridhia uulizwe habari zake, unamlinda kutokana na nani ukinyamaza? Kwa mwoga ipo njia nyepesi: athibitishe tarehe, cheo na majukumu, aseme waziwazi kwamba huo ndio utaratibu wake kwa kila aliyewahi kufanya kazi kwake, na kwa hiyo ukimya wake juu ya mengine usichukuliwe kuwa ni dosari. Kama mkurugenzi wangu angesema hivyo tu, Makambako wangeniita.

Wapo pia wasio waoga bali wenye tamaa. Mabinti wawili wamewahi kunieleza, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba waliombwa "chochote" ili barua itoke, na mmoja hakuombwa fedha. Hilo si suala la adabu ya ofisini. Kutumia mamlaka kudai ngono ili umpe mtu haki yake ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na simu ya TAKUKURU ni 113, bila malipo. Nawasihi wazazi wasiwaambie mabinti zao wavumilie kwa ajili ya barua.

Kwa maafisa utumishi na wamiliki wa kampuni wanaofanya usaili katika mikoa yetu nina ombi moja. Badilini lile sharti la mwajiri wa mwisho. Ombeni watu watatu walioiona kazi ya mwombaji kwa karibu, mmoja wao akiwa amewahi kumsimamia kwa namna yoyote, na mwacheni mwombaji aeleze kwa sentensi mbili kwa nini bosi wake wa mwisho hayumo. Mkimpigia mtu akakata simu, mpigieni na wa pili kabla hamjaamua. Na mkipata jibu baya, mwiteni mwombaji mumsomee alichosemewa, kwa sababu mtu hawezi kujitetea dhidi ya maneno asiyoyasikia. Mimi nilibahatika kuelezwa. Ninaowajua ambao hawakuelezwa walihesabu usaili mara tano, sita, wakaanza kuamini kwamba wamerogwa, kumbe kila safari ilikuwa ni namba ileile moja ya simu.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kuhusu kijana aliyewahi kufanya kazi chini yangu na ambaye, nasema kweli, nilimwandikia onyo mara mbili kwa kuchelewa. Nilisema alikuwa akichelewa, hasa siku za Jumatatu, na kwamba baada ya onyo la pili alijirekebisha. Nikasema pia kwamba katika miaka miwili hesabu ya ghala lake haikuwahi kupungua hata gunia moja, na kwamba ndiye aliyegundua maji yanavuja kwenye kona ya paa kabla mahindi hayajaoza. Aliyenipigia alinishukuru, akaniuliza maswali mengine mawili, tukaagana. Nilitazama simu nikaona tumezungumza dakika 4.

Namalizia kwa kukuomba wewe, Mhariri, kwamba gazeti lako, ambalo husomwa mpaka vijiweni na kwenye vibanda vya kunyolea nywele huku kwetu, lichapishe kifungu hicho cha 44 neno kwa neno kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya mahali zilipo ofisi za Afisa Kazi na za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa. Nitaukata ukurasa huo niubandike mlangoni pa ghala.

Msomaji wako,
Mtunza stoo,
Uyole, Mbeya.